Jinsi ya Kuipa Sakafu ya Mbao Sura ya Uzee: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Picha ninazotumiwa zinafanana kiasi kwamba siku hizi nalijua kosa kabla sijasoma maelezo. Sakafu imecharazwa mnyororo kutoka ukuta hadi ukuta, mabonyeo yametapakaa kama alama za ndui, kila shimo lina ukingo mkali, na juu ya yote hayo imepakwa vanishi inayong'aa kama kioo. Halafu linakuja swali: "Mbona haionekani ya zamani? Inaonekana imeharibika tu."

Imeharibika kweli. Sakafu iliyozeeka haina vidonda, ina makovu. Kidonda kina makali, na ndani yake mbao ni mbichi, nyeupe. Kovu limelainishwa na nyayo za miaka, limeshika giza, na lipo pale lilipo kwa sababu: hapa watu walikuwa wanaingilia, pale kiti kilikuwa kinavutwa, kule kitu kizito kilidondoka. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya wazo hilo. Mpangilio wake nao una maana, kwa hiyo usianze na nyundo.

## Je, sakafu yako inafaa?

Sakafu ya mbao tupu, yaani ubao mmoja mzima kuanzia juu hadi chini, inafaa.

Sakafu ya tabaka, ile yenye ganda la mbao halisi lililogundishwa juu ya plaiwudi, inategemea unene wa ganda hilo. Likiwa chini ya milimita 3, ishia kwenye msasa mwepesi wa mkono na rangi. Ukilikwangua litatoboka, na ganda lililotoboka halina dawa.

Lamineti haifai kabisa. Unachokiona juu yake ni picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi. Ukiikwangua unakutana na unga wa mbao ulioshindiliwa.

Utajuaje unayo ipi? Ng'oa kipande cha ubao wa pembeni mwa ukuta, au kile kibanio cha kizingitini, utazame ubao kwa ubavu. Ukiwa hapo, pima pia mbao iliyobaki juu ya ule ulimi unaoingia kwenye ubao jirani. Hiyo ndiyo akiba yako. Sakafu iliyokwisha kupigwa msasa mara nyingi, huwa imebakiwa na kidogo sana, na dalili zake ni vichwa vya misumari iliyofichwa kuanza kuchungulia au kingo kumeguka zenyewe.

Tahadhari moja kubwa: kama sakafu ina rangi ya zamani, usiipige msasa mkavu kabla ya kuipima kama ina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, lakini tabaka za kabla ya hapo hazikuondoka kwa sheria. Nyingi bado zimelala chini ya rangi mpya, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Kazi hii ikikatikia kwenye hatua ya rangi kwa sababu kitambaa kimeisha, mstari wa pale ulipoishia utaonekana daima.

Vya kusafisha na kulainisha:
- mashine ya msasa ya sakafu, na ndogo ya mkononi kwa pembeni
- msasa namba 40, 60, 80 na 120
- mashine ya kufyonza vumbi
- kipigio cha kuzamishia vichwa vya misumari

Vya kuzeesha:
- chuma cha kukwangulia au randa ndogo ya mkono
- brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, au ya nailoni yenye chembe za msasa
- mnyororo mzito kiasi cha urefu wa mkono
- nyundo yenye uso wa mviringo
- msharasi, rundo la funguo kuukuu, boliti chache, jiwe lenye pembe butu

Vya rangi na kinga:
- rangi ya mbao inayopenya, na nyingine yenye giza zaidi kwa ajili ya mabonyeo
- siki nyeupe, majani ya chai na stilwulu laini (nyuzi za chuma za kusugulia) isiyo na sabuni, ukitaka rangi ya kijivu au pete nyeusi za misumari
- mafuta magumu ya nta (mafuta yaliyochanganywa na nta, yanayokauka yakawa magumu), au vanishi ya poliyurethani isiyong'aa
- vitambaa vya pamba visivyoacha manyoya, vingi kuliko unavyodhani
- mbao za ziada za aina ile ile kwa majaribio

Vya mwili wako: barakoa ya kuchuja vumbi laini, miwani ya kinga, vizibo vya masikio, glavu na vilinda magoti. Barakoa si urembo. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

## Hatua ya 1: Tengeneza ubao wa majaribio

Chukua ubao wa aina ile ile, urefu usiopungua mita moja, uugawe sehemu nne kwa penseli. Kila sehemu ipitie hatua zote, kuanzia msasa hadi vanishi, kwa vipimo tofauti. Nyuma ya ubao andika ulichofanya: namba ya msasa, rangi gani, uliiacha dakika ngapi kabla ya kuifuta.

Rangi moja kwenye mbao mbili ni rangi mbili. Mwaloni unainywa sawasawa. Msonobari unainywa kwa mabaka. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi za mafuta kukauka, kwa hiyo huwa unafutwa kwanza kwa asetoni. Rangi iliyo kwenye lebo ya kopo haikwambii lolote kati ya hayo.

Umefaulu iwapo ubao ukilazwa sakafuni, ukasimama hatua mbili kutoka hapo, jicho halikimbilii alama yoyote moja. Utazame mchana karibu na dirisha, kisha usiku chini ya taa.

## Hatua ya 2: Chora njia za nyayo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotofautisha sakafu ya kizee na sakafu iliyopigwa.

Toa vyombo vyote chumbani. Mwambie mtu atembee kama anavyotembea siku zote: aingie mlangoni, aende dirishani, akae mahali pa meza, atoke. Mfuate kwa chaki. Utaona njia mbili au tatu zinajirudia, na sehemu ambazo mguu haufiki kabisa.

Sasa gawa sakafu mafungu matatu. Palipochakaa sana: mlangoni, kwenye kona watu wanapogeukia, mbele ya sinki, chini ya viti vya meza. Palipochakaa kiasi: kandokando ya njia hizo. Palipo karibu papya: pembe za chumba, kando ya kuta, sehemu kabati litakaposimama. Mimi fungu la kwanza silizidishi theluthi moja ya sakafu. Pasipokuwa na sehemu iliyosalimika, macho hayana cha kulinganishia, na uzee wote unapotea.

## Hatua ya 3: Ivue sakafu

Zamisha vichwa vya misumari milimita 3 chini ya uso wa mbao, la sivyo vitachana msasa na vinaweza kutoa cheche ndani ya vumbi.

Anza na msasa namba 40 kuondoa vanishi ya zamani, kisha 60, kisha 80. Fuata nyuzi za mbao. Usiruke namba, kwa sababu kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. 80 haiwezi kufuta ya 40.

Simama kwenye 80; ile 120 itakuja baadaye, kwa mkono, kwenye makovu na kingo. Ukiendelea mbele mbao inalainika mno, vinyweleo vyake vinazibika, na rangi itabaki juu juu.

Ikiwa sakafu yako tayari ina makovu yake halisi, msasa mwepesi unatosha. Ni jambo la kusikitisha kumwona mtu akifuta makovu ya miaka sitini kwa mashine ili ayachonge upya kwa nyundo.

Umefaulu iwapo tone la maji likiwekwa popote linanywewa taratibu na kwa usawa. Likikaa juu kama shanga, vanishi ya zamani bado ipo.

## Hatua ya 4: Legeza kingo, tengeneza mawimbi

Mguu hauchimbi, unasugua. Kwa hiyo uchakavu wa kwanza wa sakafu ni mbao kuwa na bonde la kina kifupi katikati ya njia, na kingo za ubao kuviringika.

Anza na kingo. Pitisha randa ndogo kwenye ukingo wa ubao ukiondoa milimita 1 hadi 2, lakini kwa mkono usio sawa: hapa zaidi, pale kidogo, pengine usiguse. Kwenye fungu la tatu, lile la pembeni, acha kingo nyingi kama zilivyo.

Kisha chuma cha kukwangulia. Kwanza kiviringishe pembe zake mbili kwa tupa, vinginevyo kila mkwanguo utaacha mistari miwili kama reli. Kivute kuelekea kwako, ukifuata nyuzi, kwa mikwanguo ya sentimita 30 hadi 60. Mikwanguo isianzie mstari mmoja. Ipishane kama vigae. Kina kisifike milimita moja.

Chuma chenye makali kinatoa maranda membamba yanayojikunja. Kikianza kutoa vumbi kimekuwa butu, kinoe. Mbao ngumu inaweza kukulazimisha kunoa kila baada ya ubao mmoja au miwili, na wanaokasirikia jambo hilo ndio wanaoishia kuchana nyuzi.

Umefaulu ukifumba macho, ukapitisha kiganja kukata ubao, ukahisi wimbi, na ukifumbua macho wimbi hilo usilione kirahisi. Litajionyesha lenyewe mwanga ukiingia kwa ubavu.

## Hatua ya 5: Piga brashi ya waya

Kila pete ya mbao ina sehemu laini na sehemu ngumu. Brashi inang'oa laini na kuacha ngumu, na hivyo ndivyo maji na nyayo zinavyofanya kwa miaka.

Sugua kwa kufuata nyuzi tu, kwa mkandamizo wa wastani, ukifyonza vumbi kila mara ili uone unachofanya. Ukikata nyuzi unaacha mikwaruzo ambayo rangi itaifanya ionekane mara mbili.

Mwaloni na msonobari zinaitikia vizuri sana. Mbao zenye nyuzi zilizobana na zilizo sawa, kama mkangazi, zinaitikia kidogo. Usizilazimishe, zitegemee kingo na makovu.

Kuhusu aina ya waya, nisikilize kwa sababu nililipa karo yake. Sakafu yangu ya kwanza ya mwaloni niliisugua kwa brashi ya chuma cha kawaida, ile ya kutolea kutu. Jioni nikaipitisha kitambaa chenye unyevu kuondoa vumbi, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi kulikuwa na vidoti vyeusi kila mahali, kama mtu aliyepuliza wino kwa mdomo. Vijipande vya waya vilikuwa vimekatikia ndani ya nyuzi, maji yakavifikia, chuma kikakutana na tanini ya mwaloni, ile kemikali ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi ikiguswa na chuma. Nilirudi kwenye msasa namba 60. Tumia chuma kisichoshika kutu, au nailoni.

## Hatua ya 6: Weka makovu

Sasa ndiyo nyundo.

Kanuni ya kwanza: fanya nusu ya unachodhani kinatosha, kisha toka nje ya chumba kwa nusu saa. Kwenye mbao tupu makovu hayaonekani vizuri, ndiyo maana mkono unaendelea kupiga. Rangi ikiingia, yote yanajitokeza kwa pamoja.

Mnyororo. Uangushe, usiucharaze. Mnyororo unaocharazwa unaacha umbo lile lile la pingili kila mara, na jicho la mwanadamu ni hodari wa kutambua kinachojirudia. Uinue hadi usawa wa goti, uachie, uusogeze, uuzungushe. Ukiutia ndani ya soksi nene au mfuko wa turubai, mabonyeo yanatoka laini zaidi. Kwa fungu la kwanza mimi hutumia mchanganyiko wa njia zote mbili.

Nyundo, jiwe na boliti. Hivi ni vitu vilivyodondoka. Kitu kikidondoka hakirudii mahali pale pale, kwa hiyo pigo moja hapa, jingine mita moja na nusu mbele. Piga kwa pembe, si wima. Badilisha kifaa kila baada ya mapigo machache.

Funguo. Rundo la funguo likigongwa kidogo kidogo linatoa vialama vidogo vya kila aina, vizuri sana karibu na mlango.

Mikwaruzo. Mkwaruzo halisi una hadithi. Wa mlangoni ni robo duara, umbo la mlango uliokokota changarawe chini yake kila ulipofunguliwa. Wa mezani ni mistari mifupi miwili miwili ya miguu ya kiti kinachovutwa nyuma. Tumia ncha ya boliti, kandamiza mwanzoni na uachie mwishoni. Miwili au mitatu kwa chumba inatosha.

Matundu ya wadudu. Wengi wanayamwaga kama chumvi. Mdudu wa kawaida anayebungua fanicha anatoka kwenye tundu la mviringo lenye upana wa milimita 1.5 hadi 2, na matundu hayo huja kwa makundi, mara nyingi upande wa ubao wenye ile mbao nyeupe iliyokuwa karibu na gome. Kwa hiyo msharasi utoboe kundi la matano, pengine tisa, upande mmoja wa ubao mmoja, kisha nenda mbali kabla ya kundi jingine. Elekeza msharasi pande tofauti. Ukiona matundu yamepanga mstari, umeshakosea.

Misumari ya uongo. Misumari ya kweli hupigwa kwenye boriti iliyo chini ya sakafu, kwa hiyo huonekana imejipanga mstari mmoja unaokata mbao zote. Ukiitawanya ovyo hakuna fundi atakayedanganyika. Tafuta boriti zilipo, tumia misumari yenye vichwa vya mraba, miwili kwa kila ubao, izamishe kidogo. Pete nyeusi kuizunguka tutaiweka kwenye hatua ya rangi.

Alama za moto sizipendi. Moja inaweza kuaminika, tatu zinageuza chumba kuwa mahali palipowahi kuungua.

Tahadhari mbili. Usipige kwa nguvu ndani ya sentimita moja kutoka ukingo wa ubao, kwa sababu hapo chini kuna ulimi, na ulimi ukivunjika ubao utaanza kulia kila unapokanyagwa. Na kama sakafu yako iko ghorofani, kumbuka kuna dari chini yake: mapigo mazito yanaweza kupasua plasta.

## Hatua ya 7: Ua makali

Hapa ndipo kidonda kinapogeuka kovu, na ni kazi ya mikono na magoti. Usitumie mashine, itasawazisha kila ulichochonga.

Kunja msasa namba 120, pita kwenye kila bonyeo, kila mkwaruzo, kila ukingo, ukiviringisha midomo yake. Kwenye njia za nyayo sugua zaidi. Kwenye pembe, pita tu mara moja.

Kisha tafuta vibanzi. Vaa soksi ndefu ya nailoni mkononi kama glavu, uipapase sakafu nzima. Mahali itakaponasa, pana kibanzi kinachosubiri mguu mtupu. Kikate kwa kisu, usikivute, kwa sababu ukikivuta kitachana ubao urefu wa kiganja.

Fyonza vumbi mara mbili, mara ya pili ukikata njia ya kwanza. Vumbi lililobaki ndani ya mifuo likikutana na rangi linakuwa tope.

Umefaulu iwapo unaweza kutembea pekupeku bila kutazama unapokanyaga.

## Hatua ya 8: Rangi

Kuna njia mbili. Chagua moja kulingana na ulichokiona kwenye ubao wa majaribio.

### Njia ya kahawia: rangi ya mbao inayopenya

Paka kwa kitambaa, mbao mbili au tatu kwa wakati mmoja, kutoka ukuta hadi ukuta, ukielekea mlangoni. Acha dakika 5 hadi 10, futa kwa kitambaa kikavu kwa kufuata nyuzi. Usiishie katikati ya ubao hata kwa sekunde.

Msonobari na mbao nyingine zinazonywa kwa mabaka zinahitaji kitangulizi cha kusawazisha rangi kwanza.

Ikishakauka, rudi na msasa namba 120 mkononi usugue kidogo katikati ya zile njia za nyayo, hadi rangi ipauke. Ni dakika chache tu za kazi, lakini wageni wengi huvutwa na hapo bila kujua kwa nini.

### Njia ya kijivu: siki ya chuma

Hii haipaki rangi, inaizalisha. Chuma kilichoyeyuka kwenye siki kinakutana na tanini ya mbao na kutoa kijivu cha samawati, hadi cheusi ukizidisha. Sura yake ni ya mbao iliyokaa nje miaka mingi.

Osha kipande cha stilwulu kwa sabuni ya vyombo kuondoa mafuta yake, kisuuze, kitumbukize kwenye nusu lita ya siki nyeupe ndani ya chupa ya kioo au plastiki. Acha siku 1 hadi 3. Usikaze kifuniko: mchanganyiko unatoa hidrojeni, chupa inaweza kupasuka. Weka mbali na moto, na usichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, maana siki na klorini hutoa gesi ya sumu. Mwishoni chuja kwa kitambaa.

Mwaloni una tanini tele, unabadilika mbele ya macho yako. Anza na sehemu moja ya mchanganyiko kwa sehemu tano za maji, la sivyo utapata sakafu ya makaa. Msonobari una tanini kidogo mno, kwa hiyo upake kwanza chai nyeusi nzito, iache ikauke kabisa, ndipo siki ifuate.

Paka kwa brashi isiyo na chuma, haraka na kwa usawa. Rangi inaendelea kukolea kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiongeze mkono wa pili, yaani usipake tena, kabla ya kesho yake. Siki inainua nyuzi. Zilaze kwa kusugua kidogo sana kwa pedi ya nailoni. Kijivu hiki kimekaa juu tu, na msasa mmoja wenye hasira unakiondoa.

Pete za misumari unaziweka kwa mchanganyiko huu huu usiotiwa maji, njia yoyote ile uliyochagua. Ukifuata njia ya kahawia, ziweke kabla ya kupaka rangi, mbao ikiwa bado tupu na tanini yake wazi. Ncha ya kijiti, tone moja pembeni ya kichwa, subiri.

## Hatua ya 9: Giza ndani ya makovu

Chukua ile rangi yenye giza zaidi. Isukumie kwenye mabonyeo, mifuo ya brashi na nyufa kati ya mbao, kisha futa uso wa juu mara moja kwa kitambaa kilichokunjwa bapa. Kitambaa kilichofinyangwa kinaingia shimoni na kutoa kile ulichokiweka.

Nyufa usizijaze zikawa sawa na mbao. Sakafu ya zamani inapumua, mbao zinavimba na kusinyaa kufuata unyevu wa hewa, na kijazio kigumu kitameguka.

Kuna wanaotumia nta nyeusi kwenye hatua hii. Inapendeza, ila poliyurethani haishiki juu ya nta. Itajikusanya kama maji kwenye sahani yenye mafuta, au itabanduka baada ya miezi. Ukitaka nta, iwe ya mwisho kabisa na pasiwe na kingine juu yake.

Onyo la moto: vitambaa vyenye rangi ya mafuta au mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa pembeni kinalitunza joto hilo hadi linawaka, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya bati yenye maji na kifuniko. Fanya hivyo kabla ya kunawa mikono.

## Hatua ya 10: Kinga

Chagua isiyong'aa. Mng'ao unaakisi mwanga kutoka kila bonyeo na kutangaza kwamba limetengenezwa juzi.

Mafuta magumu ya nta ndiyo chaguo langu kwa sakafu ya namna hii. Yanaingia ndani ya mbao, na sehemu ikichakaa unairekebisha peke yake. Paka kidogo sana, futa yote yaliyobaki juu baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Yakibaki kwenye mifuo yatanata kwa wiki nzima.

Poliyurethani inastahimili zaidi jikoni na kwenye njia kuu. Ya maji haibadilishi sana rangi, kwa hiyo ndiyo inayofaa kijivu. Ya mafuta inaleta umanjano wa asali, mzuri juu ya kahawia. Paka mikono mitatu myembamba. Vanishi ikijaa kwenye mabonyeo itayageuza vidimbwi vya plastiki.

Kati ya mkono na mkono sugua kwa pedi ya nailoni, si msasa: msasa unakata vilele vya mawimbi na kuonyesha mbao nyeupe. Wala si stilwulu, hasa chini ya vanishi ya maji, kwa sababu mabaki yake yatashika kutu humo ndani.

## Mambo yakienda mrama

Bonyeo limezidi kina? Kabla ya vanishi, weka kitambaa chenye unyevu juu yake, pitisha pasi yenye moto sekunde chache. Nyuzi zilizobonyea zinavimba na kurudi juu. Zilizokatika hazirudi, ndiyo sababu ya kupendelea vifaa butu.

Rangi ya mafuta imekuwa nzito? Ikiwa bado mbichi, futa kwa kitambaa chenye tapentaini. Ikishakauka, rudi kwenye msasa namba 80 kwa ubao mzima, si kwa kiraka.

Siki ya chuma imeweka weusi? Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji inauondoa. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, suuza vizuri, na usiipige msasa ikiwa imekaukia juu ya mbao.

Makovu yanaonekana kupangana? Usiongeze mengine kuyaficha. Chagua matatu au manne yanayojirudia, yasugue hadi yabaki kama kivuli.

## Kabla ya kurudisha vyombo

Vanishi ya maji kwa kawaida unaweza kuikanyaga kwa soksi baada ya siku moja, na fanicha baada ya siku tatu hivi. Inua, usivute. Zulia lisubiri wiki mbili, na juu ya vanishi ya mafuta karibu mwezi, kwa sababu linazuia hewa na litaacha umbo lake sakafuni. Kopo lako likitaja muda mrefu zaidi, fuata kopo.

Kusafisha ni kwa mopu iliyokamuliwa hadi haidondoshi tone. Mopu ya mvuke isiingie humo kabisa: inasukuma maji kwenye nyufa ulizoziacha wazi kwa makusudi. Kama ulitumia mafuta magumu ya nta, zipake tena zile njia za nyayo mara zinapoanza kupauka kuliko ulivyotaka, na pembe ziache.